Visa vya kweli vya nyimbo za roki tunazozipenda Nairobi

Kuna hadithi ya Phil Collins, mwimbaji na mpiga ngoma Mwingereza, ambayo imekataa kufa Nairobi. Utaisikia kwenye matatu dereva akiweka za zamani, utaikuta kwenye magrupu ya WhatsApp, na usiku wa manane mtangazaji wa redio ataitoa tena. Eti "In the Air Tonight" inamhusu mtu aliyetazama mwenzake akizama majini asimwokoe, na Collins alimwalika mtu huyo kwenye tamasha, akaagiza amulikwe taa, kisha akamwimbia. Hayo hayakutokea, na Collins mwenyewe ameyakanusha mara nyingi. Wimbo ulitoka Januari 1981, ukatokana na uchungu wa ndoa yake ya kwanza kuvunjika, na sehemu kubwa ya maneno aliyatoa kichwani papo hapo mbele ya maikrofoni.

Kinachoniuma ni kwamba uvumi huu umefunika kisa kitamu zaidi, tena cha kweli, ambacho unaweza kukisikia kwa masikio yako. Nenda karibu na dakika 3 na sekunde 40, pale ngoma zinapoingia kwa kishindo. Sauti ile ilipatikana kwa bahati katika studio ya Townhouse, London, Peter Gabriel alipokuwa akirekodi albamu yake iliyotoka mwaka 1980. Collins ndiye aliyekuwa kwenye ngoma. Meza ya sauti ya studio hiyo ilikuwa na maikrofoni ya pembeni ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kumwezesha injinia kusikia wanamuziki wanasema nini kati ya wimbo na wimbo. Kwa kuwa mmoja yuko karibu nayo na mwingine yuko mbali, maikrofoni hiyo ilifungiwa kompresa kali, inayoinua sauti hafifu na kuzikandamiza zenye kishindo mpaka zote zinakaribia kulingana. Injinia Hugh Padgham alibonyeza kitufe chake wakati Collins akiendelea kupiga, na kwenye spika ukatoka mngurumo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Maikrofoni hiyo haikuwa imeunganishwa na mashine ya kurekodi, kwa hiyo ilibidi nyaya zibadilishwe kwanza ndipo sauti hiyo iweze kunaswa. Kisha Padgham akaongeza geti, kifaa kinachofunga sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani, ili mwangwi ukatike ghafla badala ya kufifia polepole.

Maprodyusa wengi wa vyumbani wanajaribu kuiga sauti hii na kukwama mahali pale pale. Kwanza, chumba cha Townhouse kilikuwa na kuta za mawe. Chumba chenye zulia, kitanda na mapazia hakina mwangwi wa kukandamizwa, kwa hiyo kompresa itakuinulia kelele za feni na pikipiki za nje. Pili, wanapiga matoazi. Gabriel aliyakataza kabisa kwenye albamu ile, na ukisikiliza unaona sababu: kompresa kali ikikutana na toazi, mlio wa "shhh" unafunika kila kitu. Tatu, geti wanaiacha ifunge taratibu, na hapo unabaki na mwangwi wa kawaida tu. Kama huna chumba chenye kuta tupu na ngumu, rekodi ngoma zako kwenye ngazi za jengo.

Uvumi wa pili kwa ukubwa hapa kwetu ni wa "Hotel California". Mwaka 1994 serikali ya Rais Moi iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kwa wazazi wengi wa enzi ile gitaa lenye mkwaruzo lilitosha kuwa ushahidi. Wimbo huu wa Eagles, bendi ya Marekani, ukaingizwa humo humo: eti hoteli ni kanisa la shetani, na jengo kwenye jalada la albamu ndilo hekalu lenyewe. Jengo la kwenye jalada ni Beverly Hills Hotel, hoteli ya matajiri na waigizaji wa sinema katika eneo la Los Angeles. Na walioandika maneno, Don Henley na Glenn Frey, wameeleza tena na tena kwamba walikuwa wakiimba juu ya maisha ya anasa ya mji huo, yanayomvuta mtu kwa ulaini kisha yakakataa kumwachilia.

Kisa cha muziki wenyewe kinaanzia kwa mtu ambaye watu wengi hawamtaji, Don Felder, mpiga gitaa wa Eagles. Alirekodi kordi zote na gitaa zake peke yake katika nyumba ya kupanga ufukweni Malibu, akaziweka kwenye kaseti pamoja na vipande vingine zaidi ya kumi, akawagawia wenzake. Henley akachagua kile chenye mdundo wa rege, na kwa muda wakakiita "Mexican Reggae". Mara ya kwanza walirekodi katika ufunguo wa E ndogo (E minor). Sauti ya Henley haikufika, ikabidi waanze upya katika B ndogo. Hii ndiyo sababu gitaa la mwanzo lina kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya 7: anayepiga anashika maumbo ya E ndogo lakini kinachotoka ni B ndogo, na gitaa la nyuzi 12 likibanwa juu kiasi hicho linalia kama kinubi.

Walipofika Miami, studio ya Criteria, Felder na mpiga gitaa mwenzake Joe Walsh walikaa kupiga ile solo ndefu ya mwisho, wakaanza kubuni papo hapo. Henley akawasimamisha. Alitaka noti zile zile za kwenye kaseti, moja baada ya nyingine, na kaseti ilikuwa Malibu, upande wa pili wa Marekani. Felder akapiga simu nyumbani, akamwomba mfanyakazi wa nyumba aitafute kaseti, aiweke kwenye redio, na aisogeze simu karibu na spika. Akairekodi kupitia simu, akaketi kujifunza upya kitu alichokibuni mwenyewe. Kwa hiyo unaposikia magitaa mawili yakijibizana kuanzia dakika ya 4 na nusu hivi, usidhani ni watu wanaopiga wanavyojisikia. Kila noti ilikuwa imeshapangwa. Prodyusa Bill Szymczyk naye amesema tepu kuu ya wimbo huo ina maungio 33, yaani mara 33 mtu alikata tepu kwa wembe na kuiunganisha.

Kwa wanaoupiga kwenye baa na sherehe: kama gitaa lako ni la nyuzi 6 na freti ya 7 inabana sauti, weka kapo kwenye freti ya 2 na ushike A ndogo, E, G, D, F, C, D ndogo, E. Ufunguo ni ule ule. Kosa ninalolisikia kila mara ni kushika E ndogo mahali pa ile E kubwa ya pili. Mvutano wote wa wimbo uko hapo.

"Smoke on the Water" haihitaji uvumi, maana maneno yake ni ripoti ya tukio. Tarehe 4 Desemba 1971 mwanamuziki Frank Zappa alikuwa jukwaani katika kasino ya Montreux, Uswisi. Mtu mmoja kwenye umati akafyatua bastola ya fataki kuelekea dari, dari ikashika moto, na jengo zima likateketea. Deep Purple, bendi yenye wimbo huu, walikuwa mjini wakisubiri kuanza kurekodi humo humo, wakiwa wamekodi lori la studio la Rolling Stones. Wakabaki wanatazama moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva. "Funky Claude" anayetajwa ni Claude Nobs, mwandalizi wa tamasha la jazi la Montreux, aliyeingia ndani kuwatoa vijana. Hakuna aliyekufa.

Sehemu inayofuata huwa hairefushwi kwenye simulizi nyingi, nami naona ndiyo tamu. Walihamia kwanza kwenye ukumbi mwingine wa mjini, wakaanza kurekodi rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, usiku, majirani wakaita polisi. Polisi walibisha hodi huku wasaidizi wa bendi wakishikilia mlango ili wimbo umalizike. Walipofukuzwa, wakaenda Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, wakajipanga kwenye korido na kuzuia mwangwi kwa magodoro. Kutoka hapo hadi kwenye lori palikuwa na safari ya kupita vyumba na baraza kwenye baridi, hivyo wakaacha kabisa kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakipiga vizuri wanasonga mbele. Ndiyo maana albamu yao hiyo, "Machine Head", iliyotoka Machi 1972, ina uhai wa bendi inayopiga mbele ya watu.

Rifu yake ndiyo ya kwanza kwa karibu kila anayenunua gitaa mjini, na wengi huipiga vibaya. Wanatumia kordi nzito za noti ya tano, kwa pleki, kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa Deep Purple, alipiga noti mbili zilizotengana kwa nne, akizikwanyua pamoja kwa vidole ili zilie sawia. Njia rahisi: uzi wa D na uzi wa G kwa pamoja, freti 0, 3, 5, kisha 0, 3, 6, 5, kisha 0, 3, 5, 3, 0. Ukipitisha pleki, uzi mmoja unatangulia mwingine kidogo na ule ukali unapotea. Na kama bado unahisi kitu kimepungua, ni kinanda. Mpiga kinanda wao, Jon Lord, aliipiga rifu hiyo hiyo kwenye Hammond iliyopitishwa kwenye amplifaya ya Marshall ya gitaa, na nusu ya uzito unaousikia ni wake.

Kwenye "Creep" ya Radiohead kuna ile mikwaruzo ya gitaa kabla ya kiitikio kulipuka, kama dakika moja ndani ya wimbo. Mpiga gitaa wao, Jonny Greenwood, hakuupenda wimbo, aliuona mpole mno, na mikwaruzo ile ilikuwa jaribio la kuuharibu. Wenzake wakaiacha, na leo huwezi kuufikiria wimbo bila hiyo. Siku ya kuurekodi, mwaka 1992, bendi ilikuwa studio Chipping Norton kwa ajili ya nyimbo nyingine kabisa. Maprodyusa Sean Slade na Paul Kolderie walikuwa wameusikia kwenye mazoezi wakadhani ni wa mtu mwingine. Ulipotoka Septemba 1992 haukuuza. Ukafufukia Israeli redioni, kisha Marekani, ndipo Uingereza ikautoa tena mwaka 1993. Kordi zake ni nne tu: G, B, C, C ndogo. Hiyo ya pili ni B kubwa. Ukishika B ndogo, kama wanavyofanya wengi kwa kuwa ndiyo inayotarajiwa katika ufunguo wa G, wimbo unakuwa wa kawaida tu. Mfululizo huo ulifanana sana na wa "The Air That I Breathe", na Albert Hammond na Mike Hazlewood walioandika wimbo huo sasa wanatajwa kama watunzi wenza na kupata mgao.

"Bohemian Rhapsody" ya Queen ina uhusiano wa karibu zaidi nasi kuliko zote, maana mwimbaji na mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kuhusu maana ya maneno, aligoma kueleza hadi alipofariki Novemba 1991, na mimi nawaomba wanaojaza video za "siri iliyofichuka" waheshimu ukimya huo. Tunachokijua kwa hakika ni jinsi wimbo ulivyotengenezwa, mwaka 1975, kuanzia studio ya Rockfield huko Wales.

Mashine ya tepu ya wakati ule ilikuwa na njia 24, kila moja ikibeba sauti yake peke yake. Kipande cha opera kilihitaji sauti nyingi kuliko hizo, na waimbaji walikuwa watatu tu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. Kwa hiyo waliimba, wakajaza njia kadhaa, wakazikusanya zote ndani ya njia moja au mbili, wakafuta zile za mwanzo, wakaimba tena juu yake. Inasemekana tabaka zilifika 180. Gharama yake ni mbili. Kila unapohamisha sauti kutoka njia moja kwenda nyingine, mvumo wa tepu unaongezeka na ung'avu unapungua, na ukishafuta huwezi kurudi kusahihisha. Pia tepu ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma, na kila ikipita kwenye vichwa vya mashine unga unabanduka. May amesimulia kwamba walipoinua tepu kwenye mwanga waliweza kuona upande wa pili. Vaa hedifoni nzuri usikilize kuanzia dakika ya 3: sauti za kipande hicho zina ukungu kidogo, kisha gitaa zito linapoingia baada ya dakika ya 4 kila kitu kinakuwa safi ghafla. Ukungu huo ndio tepu iliyochakaa.

Wakubwa wa kampuni ya rekodi walilalamika kwamba dakika 5 na sekunde 55 ni nyingi mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaupiga mara 14 katika wikiendi moja, na mjadala ukaishia hapo.

"Zombie" ya The Cranberries inastahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko inavyopigwa kwenye sherehe za mavazi ya kutisha. Tarehe 20 Machi 1993 mabomu mawili ya IRA, kundi la Waayalandi waliopigana na utawala wa Uingereza, yaliyotegwa ndani ya mapipa ya taka yalilipuka barabarani katika mji wa Warrington, Uingereza. Mtoto wa miaka 3 alikufa papo hapo, na mvulana wa miaka 12 akafariki siku chache baadaye. Dolores O'Riordan, Mwayalandi na mwimbaji wa bendi, aliandika wimbo huo peke yake, na mwaka 1916 unaotajwa ni wa uasi wa Pasaka mjini Dublin. Alikuwa akiwaambia waliodai kupigana kwa niaba ya Waayalandi kwamba hawakuwa wanamwakilisha yeye wala familia yake. Kordi ni nne zinazozunguka bila kubadilika, E ndogo, C, G na D yenye F kali (F#) kwenye besi. Ukipiga D ya kawaida, ule mteremko wa besi kurudi E unapotea. Kinachobadilika kati ya ubeti na kiitikio ni mkwaruzo wa gitaa na koo lake tu.

Nairobi tunayo nyimbo za aina hiyo. Crystal Axis, bendi ya panki ya hapa, wana "Nyayo House", juu ya jengo lile lile tunakopanga foleni za pasipoti na ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesa wafungwa wa kisiasa miaka ya 1980. Anayewauliza vijana wa Kenya roki inawahusu nini aanzie hapo.

Niseme kidogo kuhusu "Africa" ya Toto, kwa sababu kila mgeni anayetua uwanja wa ndege wa JKIA anaiweka kwenye video yake. David Paich wa Toto aliiandika kabla hajawahi kukanyaga bara hili, na ndiyo sababu Kilimanjaro imewekwa juu ya Serengeti. Asubuhi isiyo na mawingu, ukipanda jengo refu hapa mjini, unaweza kuuona Kilimanjaro kusini-mashariki. Serengeti iko kusini-magharibi, ng'ambo ya Bonde la Ufa. Lakini ngoma zake ni kazi ya heshima. Mpiga ngoma Jeff Porcaro na mwenzake Lenny Castro walipiga mdundo kwa dakika kadhaa, wakachagua kipande kifupi kilichokaa sawa kuliko vyote, wakakikata na kuunganisha ncha za tepu kuwa duara, likazunguka kupitia stendi ya maikrofoni huku linarekodiwa. Wimbo ulitoka mwaka 1982, kabla ya kompyuta kufanya kazi hiyo kwa kubofya mara moja.

Na "Hey There Delilah" ya Plain White T's, iliyopanda hadi nafasi ya kwanza Marekani mwaka 2007: Delilah yupo, alikuwa mwanariadha wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Wakenya tunaziita zetu. Hawakuwahi kuwa wapenzi na mwimbaji Tom Higgenson.

Namalizia na ule wimbo wa viwanjani, "Seven Nation Army" ya The White Stripes. Jack White, mwimbaji na mpiga gitaa wao, aliipata rifu yake Januari 2002 akijaribu vyombo kabla ya shoo katika Corner Hotel, Melbourne. Jina ni jinsi alivyokuwa akitamka "Salvation Army" utotoni. Ukafika viwanjani kupitia mashabiki wa Club Brugge, timu ya mpira ya Ubelgiji, walioufurahia katika baa mjini Milan mnamo Oktoba 2003 kabla ya timu yao kuifunga AC Milan 1-0. Walirudi nao Ubelgiji, mashabiki wa Roma wakauchukua mwaka 2006, na Kombe la Dunia la mwaka huo Italia wakaubeba hadi mwisho.

Wimbo huo hauna besi. Bendi ilikuwa na watu wawili, mpiga gitaa na mpiga ngoma, na mngurumo ule wa mwanzo ni gitaa lililopitishwa kwenye pedali ya DigiTech Whammy, ikashushwa oktava moja. Ukitaka kuupata, tumia uzi wa A: freti 7, 7, 10, 7, 5, 3, 2, pedali ikiwa oktava moja chini, na upunguze mkwaruzo kwenye ubeti. Piga uzi mmoja tu na uizibe mingine kwa kiganja, maana pedali nyingi za bei nafuu zinafuata noti moja kwa wakati, na uzi wa pili ukigusa tu sauti inaanza kutatarika. Mkwaruzo wote uuweke kwenye kiitikio. Na kama bendi yako ina mpiga besi, mwachie yeye rifu, wewe usubiri hadi kiitikio uingie na kordi. Mkipiga wote wawili pale chini, kwenye spika za baa nyingi za Nairobi mtasikika kama mvumo tu.